Sura ya Nne: Mtoto Awe Mtoaji

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akishika andazi lake, wengi wetu tunaona mchoyo mdogo. Amelikumbatia, anamsukuma mwenzake, na neno "changu" amelijua kabla hajajua majina ya nusu ya vitu vilivyomo nyumbani. Basi tunaanza kumfundisha utoaji tukiamini kwamba tunapigana na tabia aliyozaliwa nayo, na mafunzo yenyewe huwa ni amri tupu: mpe mwenzio, acha uchoyo, gawa. Sura hii inashika njia nyingine. Mtoto huja duniani na moyo wa kutoa pamoja na ule wa kung'ang'ania. Jukumu la mzazi ni kuupa ule wa kwanza kazi ya kufanya, mapema na mara kwa mara, mpaka uzoee kushinda.

Furaha iliyotangulia mafundisho

Mwaka 2012 watafiti watatu wa saikolojia waliokutana katika Chuo Kikuu cha British Columbia, mjini Vancouver, Kanada, walichapisha jaribio walilolifanya kwa watoto ambao hawajatimiza miaka 2. Watafiti hao ni Lara Aknin, Kiley Hamlin na Elizabeth Dunn. Kila mtoto aliwekewa bakuli lake la vitafunwa vidogo, kisha akakutanishwa na kikaragosi anayependa kula vitafunwa hivyo. Mara mtafiti alimpa kikaragosi kitafunwa kutoka pembeni. Mara mtoto alikabidhiwa hicho cha pembeni akaombwa ampe yeye. Na mara nyingine aliombwa atoe kimoja katika bakuli lake mwenyewe. Nyuso za watoto zilirekodiwa kwa video, na watu wengine wakapima furaha iliyoonekana. Watoto walionekana kufurahi zaidi walipotoa kuliko walipopewa wao, na furaha ilizidi pale walipotoa cha kwenye bakuli lao.

Watoto hao walikuwa hawajasikia mahubiri wala hawajasoma darasa lolote la maadili. Baadhi yao hata sentensi kamili walikuwa hawajaweza kuiunga. Miaka sita kabla yake, Felix Warneken na Michael Tomasello, waliokuwa Leipzig nchini Ujerumani, walionyesha jambo linalofanana na hilo kwa watoto wa miezi 18. Mtu mzima akiangusha kibanio cha nguo na kushindwa kukifikia, au akikwama mbele ya mlango wa kabati huku mikono imejaa vitabu, wengi wa watoto wale waliinuka kumsaidia bila kuombwa na bila kuahidiwa kitu.

Uchoyo nao ni wa kweli, tusijidanganye. Mwaka 2008 Ernst Fehr na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wa Uswisi wenye umri wa miaka 3 hadi 8, waliopewa peremende na nafasi ya kuchagua: kugawana sawa na mwenzao, au kubaki nazo zote. Karibu wote wenye miaka 3 na 4 walibaki nazo. Kwa wenye miaka 7 na 8, waliochagua kugawana walikuwa wengi kuliko miongoni mwa wale wadogo. Mwaka 2015 utafiti mwingine uliohusisha watoto wa nchi saba, Uganda ikiwemo, uliongeza jambo la kutafakari. Katika nchi zote saba watoto walikataa kupewa pungufu kuliko mwenzao. Lakini kukataa kupewa zaidi ya mwenzao kulionekana katika nchi tatu tu, Kanada, Marekani na Uganda, tena kwa watoto wakubwa. Kudai haki yako kunakuja kwenyewe. Kuidai haki ya mwenzako unajifunza kwa watu unaoishi nao.

Kutokana na hayo mzazi anapata mambo mawili ya kushika. La kwanza ni subira: mtoto wa miaka 3 anayekumbatia toroli lake la mabati hajaharibika, umri wake ndivyo ulivyo. La pili ni kwamba utamu wa kutoa uko kwenye kile kilicho cha mtoto mwenyewe. Mzazi anayenunua pakiti ya sukari ili mtoto akaikabidhi kituo cha yatima, huku vya mtoto vikibaki kabatini bila kuguswa, anamnyima sehemu bora ya tendo lile.

Watoto wa Nyansongo

Katika miaka ya 1950 makundi ya watafiti yalikwenda kuishi katika jamii sita za dunia. Kundi moja liliishi Kenya, kwa Wagusii, mahali walipopaita Nyansongo. Mengine yalikuwa Meksiko, Ufilipino, Okinawa, kaskazini mwa India, na katika mji mdogo wa New England nchini Marekani. Walikaa na watoto wa miaka 3 hadi 11 na kuandika waliyoyaona: nani anampa nani chakula, nani anamsaidia nani, nani anaagiza ili apate yeye. Beatrice na John Whiting walipoyachambua maandishi hayo katika kitabu chao cha mwaka 1975, watoto wa Nyansongo walikuwa juu kabisa katika kuwasaidia na kuwajali wengine. Wale wa New England walikuwa chini kabisa.

Tofauti hiyo haikuletwa na mawaidha. Akina mama wa Nyansongo walikuwa na mashamba ya kulima, na mikono ya watoto ilihitajika kwelikweli. Mtoto alibeba mdogo wake, alichota maji, alileta kuni, alichunga ng'ombe. Asipochota, jioni hapakuwa na maji. Kule New England kazi za mtoto zilikuwa kupanga chumba chake na kusoma masomo yake, kazi njema lakini faida yake ilimrudia mwenyewe. Mtoto wa Nyansongo alijua, kwa mwili wake wala si kwa kuambiwa, kwamba kuna watu wanaomtegemea.

Kenya ilitoa ushahidi mwingine wa aina hiyo hiyo. Mtafiti Carol Ember aliwachunguza wavulana wa Kijaluo huko Oyugis, na mwaka 1973 akachapisha alichokiona. Katika nyumba zisizokuwa na binti wa kufaa kwa kazi, baadhi ya wavulana walipewa kazi zilizohesabiwa kuwa za wasichana: kupika, kuchota maji, kulea mtoto mchanga. Wavulana hao walikuwa wapole zaidi na wenye ubinafsi mdogo kuliko wenzao. Mzazi anayemwondoa mwanawe wa kiume jikoni akidhani anamkuza kuwa mwanamume anamfungia mlango mmoja wa utu.

Simaanishi kwamba mtoto abebeshwe mzigo wa mtu mzima au anyimwe shule na michezo. Ninachosema ni kwamba katika nyumba nyingi za mijini tumekwenda upande wa pili kabisa. Dada wa kazi anafua, anaosha vyombo, anatandika hata kitanda cha mtoto wa miaka 9. Gari la shule linamchukua getini na kumrudisha getini. Mtoto huyu anahudumiwa toka asubuhi mpaka usiku, kisha siku moja ya Desemba tunamvalisha vizuri tukampeleke "kusaidia wasiojiweza", na tunashangaa anaposimama pembeni ameduwaa. Somo la kwanza la kutoa ni kazi moja ndogo nyumbani ambayo mtu mwingine anaitegemea. Kumpelekea babu maji ya kunawa kabla ya chakula ni kazi. Kuwapa kuku maji ni kazi. Kumsomea mdogo wake hadithi mama anapopika nayo ni kazi.

Usimfiche mtoto mkono wako

Watoto hufuata wanachokiona. Mwaka 1970 James Bryan na Nancy Walbek, nchini Marekani, walichapisha majaribio ambamo watoto wa shule walimtazama mtu akihubiri ukarimu au akihubiri uchoyo, na pia akitoa au akikataa kutoa katika alichoshinda kwenye mchezo. Ilipofika zamu ya watoto kuamua watoe kiasi gani cha ushindi wao, matendo ya yule mtu ndiyo yaliyowaongoza, maneno yake kidogo sana.

Hapa sisi tuna ugumu wetu. Waislamu na Wakristo wote tumefundishwa kwamba sadaka bora ni ile iliyofichwa, isiyotafuta macho ya watu. Ni mafundisho mazuri, lakini katika nyumba nyingi yamewaficha hata watoto. Baba anamlipia ada mtoto wa marehemu rafiki yake kwa miaka, na wanawe hawajui. Mama kila mwezi anatenga unga kwa ajili ya jirani mjane, na binti yake anadhani unga unaisha haraka tu.

Simu imeuongeza usiri huo. M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu, ilipoanza Kenya mwaka 2007, na mwaka uliofuata Tanzania, ilirahisisha mno kusaidiana: rambirambi, mchango wa matibabu, nauli ya mpwa aliyekwama stendi, vyote vinakwenda kwa dakika moja. Lakini zamani mtoto aliona noti ikikunjwa, ikitiwa kwenye bahasha na kukabidhiwa mjomba anayesafiri. Leo anamwona mama yake akibonyeza simu, kama anavyoibonyeza akinunua umeme. Tendo kubwa la huruma linapita mbele ya macho yake na halioni.

Dawa yake ni kumwingiza mtoto katika siri. Sadaka ifichwe kwa majirani, ifichwe mitandaoni, lakini mtoto wa nyumbani awe mshirika. Mwambie kwa sauti ya kawaida: "Namtumia bibi hela ya dawa ya presha. Tukimaliza tumpigie, umsalimie." Wakati wa msiba mwambie kiasi mlichochanga na kwa nini mmepunguza matumizi mengine. Kisha mfundishe na adabu ya kunyamaza: "Hili hatumwambii mtu, maana yule mama angeona aibu." Mtoto wa miaka 6 anaweza kutunza siri kama hiyo, naye anajisikia ameaminiwa. Hapo amejifunza mawili kwa pamoja, kutoa na kumstahi anayepewa.

Amri na zawadi

Swali ninaloulizwa zaidi na wazazi ni hili: akikataa kutoa, nimlazimishe? Nadia Chernyak na Tamar Kushnir, wa Chuo Kikuu cha Cornell, waliligusa mwaka 2013 kwa watoto wa umri wa chekechea. Baadhi waliachiwa wachague wenyewe kati ya kumpa kikaragosi mwenye huzuni stika yao na kubaki nayo. Wengine waliambiwa ni lazima watoe. Baadaye wote walipata stika nyingine na nafasi ya kumgawia kikaragosi mwingine. Walioamua wenyewe mara ya kwanza, tena katika uamuzi uliowauma kidogo, ndio waliogawa zaidi mara ya pili. Mtoto aliyechagua kutoa anajiona kuwa mtu anayependa kutoa. Aliyelazimishwa anajiona mtu aliyenyang'anywa.

Kwa hiyo badala ya kumpokonya mtoto kichezeo chake umpe mgeni, muulize mapema: "Wanakuja binamu zako. Unataka wachezee vipi, na vipi tuviweke juu ya kabati?" Akiruhusiwa kulinda kimoja, vingine huviachia kwa moyo mweupe.

Zawadi nazo zina madhara yake. Warneken na Tomasello, katika utafiti wa mwaka 2008, waliwapa baadhi ya watoto wa miezi 20 kichezeo kila waliposaidia. Wengine waliwasifu, na wengine hawakuwapa chochote. Walipowapima tena, wale waliozoeshwa kichezeo walisaidia kidogo kuliko wenzao. Malipo yaliingia mahali pa furaha ya tendo. Kwa hiyo usimwambie mtoto "ukimpa mwenzio nitakununulia aiskrimu". Mweleze matunda ya alichofanya: "Umeona? Alikuwa hana penseli, sasa anaandika." Maneno hayo yanamgeuza macho kutoka kwako kumwelekea yule aliyesaidiwa.

Kuna pia kazi ya kuzungumza kuhusu hisia. Celia Brownell na wenzake, waliochapisha utafiti wao mwaka 2013, waliona kwamba watoto wadogo waliosaidia na kugawa kwa wepesi zaidi walikuwa na wazazi ambao, wanaposoma nao kitabu cha picha, huwataka watoto wataje na kueleza anachohisi yule wa kwenye picha. Kumweleza tu hakukutosha. Mtoto mwenyewe alipaswa kutafuta jibu. Jioni ya hadithi ina nafasi tele za kuuliza: "Sungura kamdanganya fisi, sasa unadhani fisi anajisikiaje?"

Anayepokea ni mtu

Hakuna sehemu ya mafunzo haya inayoharibiwa kirahisi kuliko hii. Tunakusanya nguo zilizochanika, tunazitia kwenye mfuko, tunakwenda kituo cha kulelea yatima, tunawapanga watoto mstari, tunapiga picha, tunaondoka. Mtoto wetu aliyekuwa pale amejifunza kwamba kuna watu wa kupewa na watu wa kutoa, kwamba chakavu ndicho cha maskini, na kwamba ukitoa lazima uonekane.

Weka kanuni tatu na uzishike. Ya kwanza: mtoto atoe nguo ambayo yeye mwenyewe angeivaa kesho, iliyochanika ni ya kudekia. Ya pili: asipigwe picha mtu katika hali yake ya kupokea. Ya tatu: salamu itangulie. Mzee anayeomba mlangoni mwa msikiti au kanisa ni mzee kama wazee wengine, na mtoto amwambie "shikamoo" kabla ya kumpa shilingi, amkabidhi mkononi, asimtupie kwenye kopo.

Mtoto akiuliza "Mama, kwa nini yule bibi hana nyumba?", usimnyamazishe kwa aibu, wala usimjibu "kwa sababu hakusoma". Mwambie ukweli anaoweza kuubeba: kwamba watu huugua, hufiwa na waliowategemea, hupoteza kazi, mvua hukataa mashamba yakakauka, na kwamba hata kwenu kuna siku mlisaidiwa. Mtajie aliyewasaidia. Mtoto anayejua kwamba familia yake nayo iliwahi kupokea hatamdharau anayepokea leo.

Darasa ambalo mila imekwisha kulijenga

Hatuanzi sifuri. Katika Uislamu, zaka ya fitri hutolewa kwa kila mtu wa nyumba, na mtoto mchanga pia huhesabiwa: pishi moja ya chakula kinacholiwa mahali hapo, yaani takriban kilo 2.5 hadi 3, na inapasa imfikie mhitaji kabla ya swala ya Idi. Mzazi ndiye anayewatolea watoto. Badala ya kupeleka hesabu ya wote kimya kimya, mwite kila mtoto apime pishi yake ya mchele kwa mikono yake na kuitia mfukoni. Katika mwezi wenyewe wa Ramadhani, mtume na sahani ya futari iliyofunikwa kawa aipeleke kwa jirani, hata jirani asiye Muislamu. Idi ya Kuchinja inapofika, mtoto aliyeshika fungu la nyama akabisha hodi atalijua fungu lile kuliko aliyelisikia likitajwa kwenye hotuba.

Kwa Wakatoliki lipo shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson. Wazo lake lilikuwa la kijasiri: watoto wawasaidie watoto. Aliwaomba sala fupi kila siku na sarafu ndogo kila mwezi kwa ajili ya watoto wa nchi za mbali. Parokia nyingi za Afrika Mashariki bado zina watoto wa Utoto Mtakatifu. Katika Shule za Jumapili za makanisa mengine kikapu hupita, na sikukuu ya mavuno huleta mayai, mihogo na kuku madhabahuni. Iwapo sarafu ya mtoto inatoka kwenye pochi ya mama dakika moja kabla kikapu hakijafika, mtoto ni mjumbe tu. Iwapo aliitoa kwenye kibubu chake tangu Jumamosi jioni, sadaka ni yake.

Kwa umri wake

Kabla ya miaka 3, tosheka na kumpa nafasi ya kukabidhi: mpe dada ndizi, mpelekee baba kofia. Shangilia tendo, usidai mgao sawa.

Miaka 3 hadi 6, mpe uchaguzi mdogo na mtu anayemwona kwa macho. "Maskini wa dunia" hawezi kuwashika akilini. Mtoto mwenzake wa chekechea aliyesahau kifungua kinywa anamshika. Yanapoonyeshwa mafuriko au vita kwenye televisheni akaingiwa na hofu, mpe kitendo kimoja cha karibu, kama kuchagua blanketi moja la kutoa, maana huruma isiyopata pa kwenda humwelemea.

Miaka 7 hadi 10, mpe hesabu. Hela anazopewa sikukuu azigawe mwenyewe: za kutumia, za kuweka, za kutoa. Usimpangie kiasi. Muulize atampa nani na kwa nini, kisha mrudieni pamoja yule aliyepewa, mwone kama kilichotolewa kilimfaa. Hapo anajifunza kwamba ukarimu una akili pia.

Nyumba isiyo na hela ya ziada haikosi cha kufundishia. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mtoto anaweza kumchotea maji jirani mgonjwa, kumshika mkono mwenzake asiyeona vizuri mpaka shuleni, au kumfundisha aliyebaki nyuma katika hesabu. Huenda watoto hawa ndio wanaotoa zaidi, kwani wanatoa nguvu na muda wao.

Yapo mambo mawili ya kuangalia. Mtoto akitoa kisicho chake, tuseme viatu vya shule vya kaka yake, isifu nia na urekebishe tendo: mtu hutoa kilicho mali yake. Na mtoto anayerudi kila siku na njaa akisema amegawa chakula chote, nenda shuleni ukaulize kwa utaratibu. Pengine ni mkarimu, pengine anaonewa, na mtoto anayenyang'anywa anahitaji ulinzi kabla ya sifa.

Mzazi, usingoje mwanao akue ndipo aanze kutoa, wala usingoje upate vingi. Wiki hii mpe kazi moja ambayo mtu mwingine anaitegemea, mwonyeshe tendo moja lako la kusaidia ambalo hajawahi kuliona, na mwachie uamuzi mmoja wa kweli juu ya kitu kilicho chake. Akikataa safari hii, mpe nafasi nyingine wiki ijayo bila kumwaibisha. Watoto tunaowalea leo ndio watakaoamua kesho kama mgonjwa wa mtaani atachangiwa, kama mjane atabishiwa hodi, na kama sisi wenyewe tutakapozeeka tutapata wa kutushika mkono. Uamuzi huo wataufanya kwa mazoea waliyojengewa wakiwa wadogo, na mazoea hayo yako mikononi mwetu sasa.